Kopa Tisa Anatazama

3 Februari

Shemeji Mkaguzi,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani ni wazima wote isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi.

Binti yangu bado anatucheka. Anasema watu wawili wenye simu mfukoni wanaandikiana barua za posta utadhani mmoja wao yuko kifungoni. Nimemjibu tena kwamba sheria aliiweka baba yake. Wenza wa briji, hata ikichezwa mtandaoni kama yetu, hawapigiani simu wala hawatumiani ujumbe, wasije wakaanza na habari za asubuhi wakaishia na "nina ree ya kopa". Kaka yako ametuacha miaka mitatu sasa, na mimi bado naiogopa sheria yake kuliko ya serikali.

Jana mteja wangu, yule mama mwenye mapacha, alikuja kuchukua sare akanikuta nimeegemeza tableti kwenye boksi la nyuzi, natazama pointi zetu za karata. Akauliza hizo pointi tunapewaje, ni bahati ya karata au vipi. Nikamwambia aketi. Nikamwambia, chukua mafundi sitini, wote uwape kitambaa kile kile, mita ile ile, hata doa liwe mahali pale pale. Hapo hakuna wa kulalamikia kitambaa, anayepimwa ni fundi. Ndivyo mashindano yetu yalivyo. Fungu la karata ninaloshika mimi na wewe, jozi nyingine zote zilizokaa upande wetu zinalishika hilo hilo. Ukiwashinda waliolishika unapanda, wakikushinda unashuka, na mwisho wa siku kila jozi inapewa asilimia yake. Hamsini ni wa katikati. Theluthi ya juu ndiyo inayogawiwa pointi, na kila anachopata mmoja mwenza wake anapata sawa. Zikishaingia hazitoki, hata ucheze ovyo mwaka mzima. Ila kuna orodha nyingine, ya msimu, inayotazama siku tisini tu zilizopita. Hiyo ndiyo isiyo na huruma, hupandi leo ukalala.

Nikamwambia mimi nazifukuzia mia tatu. Mama wa mapacha akasema, "Kwa hiyo ukifika mia tatu wanakupa nini?" Nikasema wanakuandika Mweledi. Akasubiri niendelee. Nikamwambia basi, ni hilo tu. Alinitazama kwa huruma sana.

Lakini wewe unajua. Kaka yako alifariki akiwa na 288. Mimi leo nina 279. Nataka niuvuke mstari ule ambao yeye hakuuvuka, halafu nikae.

Tena nikuulize, shemeji. Tangu Novemba hujakosea hata mara moja kukisia malkia ameshikwa na mpinzani yupi. Akiwa kulia unampata, akiwa kushoto unampata. Wewe ambaye mke mmoja tu alikushinda kujua yuko wapi, malkia wote hawa umejifunza wapi kuwatafuta?

Wako,
Mshonaji

10 Februari

Shemeji,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kama kola. Nashukuru. Pole na goti.

Kuhusu malkia, hakuna uchawi. Nimekagua mizani ya madukani miaka thelathini na moja. Nilikuwa nikiingia dukani, kabla sijatoa hata jiwe moja la kupimia, najua kwa jicho kama sahani imelala. Karata nazo ni kuhesabu tu, zipi zimetoka na zipi zimebaki. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kutulia na kufikiri. Hiyo ndiyo tofauti.

Orodha ya msimu umeiona? Tuko wa kumi na tisa kati ya jozi mia nne. Juzi nilikuwa kliniki kwa ajili ya presha, nikakutana na mwenzangu wa zamani wa ofisi ya vipimo, yule aliyekuwa akishika kitabu cha mihuri. Naye siku hizi anacheza. Akaniambia mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, "Nimekuona, wa kumi na tisa." Shemeji, sikuagwa hivyo hata siku ya kustaafu.

Usinishukuru sana katika barua zako. Sisi ni wawili, na wewe ndiye unayecheza vizuri zaidi.

Wako,
Mkaguzi

18 Februari

Shemeji Mkaguzi,

Hii nakuandikia nikiwa nimeacha vifungo vya mashati kumi na mawili bila kushona, kwa hiyo ujue ni jambo kubwa.

Kwenye tableti yangu, chini kabisa ya meza, kuna mstari mdogo wenye majina ya watazamaji. Sijawahi kuutilia maanani, kwa sababu nani atutazame sisi. Jumanne, wakati nasubiri wewe ucheze, macho yakaangukia pale. Mtazamaji mmoja. Kopa Tisa.

Ni jina la kaka yako la mchezoni, lile alilolichagua mwenyewe. Nilidhani akaunti ile ilishafungwa. Alhamisi nikatazama tena, yupo. Ameingia tulipoanza, akatoka tulipomaliza.

Binti nimemuuliza, si yeye. Basi amebaki mmoja tu. Tableti ya baba yake aliichukua mwanangu wa kiume siku ile alipoondoka nyumbani, na neno la siri alikuwa akilijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfungulia baba yake hospitalini.

Wewe ulikuwepo msibani, ulisikia nilichomwambia. Baba yake alimwomba amtoe hospitali, afie kitandani kwake, naye akamtii. Mimi nikasimama mbele ya waombolezaji wote nikasema, "Wewe ndiye uliyemuua." Neno hilo halikunitoka kwa bahati mbaya. Nililitaka limuume. Baadaye daktari alinieleza kwamba siku zilikuwa zimekwisha hata hivyo, nikanyamaza nalo. Miaka mitatu nimesubiri yeye ndiye aanze kusema, kana kwamba yeye ndiye mwenye deni la maneno.

Kumbe anakuja. Jumanne na Alhamisi anakaa kimya pembeni ya meza yangu na kunitazama nikicheza. Shemeji, nimelia nikiwa na pini mdomoni, kitu ambacho nakataza hata wanafunzi wangu.

Nimemwandikia jana. Sikuzungukazunguka. Nimemwambia nilikosa, nilimwonea mbele za watu, na kwamba nimemwona anavyokuja kunitazama na imenitosha kujua hajanichukia kabisa. Nimeituma kwenye anwani ile ya karakana anakofanya kazi ya useremala.

Nimefika 288 kamili, sawa na marehemu. Lakini sasa hilo nalisema kama habari ya pili. Jumanne tucheze vizuri, shemeji. Mtoto anatazama.

Wako,
Mshonaji

21 Februari

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara kadhaa.

Nakuomba usiweke matumaini makubwa sana. Mifumo hii ya mitandao ina mambo yake, wakati mwingine jina la zamani linajitokeza lenyewe bila mtu. Siwezi kusema kwa hakika. Nasema tu usije ukaumia.

Labda pia tungepumzika kidogo. Macho yangu yananisumbua, na skrini si nzuri kwa mtu wa presha. Ingekuwa vema pia kama usingeandika barua nyingine kwa kijana kabla hajajibu ile ya kwanza.

Jumanne nitacheza, kwa kuwa tumeshajiandikisha. Baada ya hapo tutaona.

Wako,
Mkaguzi

2 Machi

Shemeji,

Matokeo umeyaona. Asilimia thelathini na nane, jozi ya hamsini na tatu kati ya sitini. Alhamisi ilikuwa afadhali kidogo, lakini kidogo tu. Usijilaumu. Najua macho yanakusumbua. Mara tatu ulimtafuta malkia upande asikokuwa, nikajua shemeji wangu leo ni mgonjwa. Mimi mwenyewe nilicheza kama mtu aliyevaa glovu.

Hakuja. Jumanne nilikuwa nikitazama ule mstari wa chini kuliko karata zangu. Watazamaji sifuri. Alhamisi sifuri.

Barua yangu itakuwa imemfikia Jumatatu. Nimehesabu siku. Ameisoma, akajua nimemwona, akaondoka. Alikuwa amepata mahali pa kuwa karibu nami bila kusema neno, mimi nikaenda nikamwashia taa usoni. Ningenyamaza tu angeendelea kuja. Sijui nina nini na mtoto huyu. Nimemfukuza mara ya pili, tena safari hii nikidhani namwomba msamaha.

Ulinionya nisije nikaumia, nami sikukusikia. Una akili kuliko mimi, na una moyo mzuri.

Sijui kama nataka kucheza tena.

Mshonaji

11 Machi

Shemeji,

Hukumfukuza mtu. Kopa Tisa ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo kwanza ili nisipate nafasi ya kuizunguka. Barua yako ya tarehe mbili ilikaa mezani siku nzima. Pale uliposema nina moyo mzuri ndipo nilipochukua kalamu.

Novemba binti yako aliniomba nifunge akaunti ya kaka, kwa sababu ilikuwa bado inamtumia salamu za siku ya kuzaliwa. Mimi ndiye niliyemfungulia zamani zile, neno la siri nilikuwa nalo. Nikaiwasha kwenye kompyuta ya sebuleni siku ya Jumanne, huku nikicheza na wewe kwenye simu. Ikanionyesha kwamba rafiki zake wawili wako mezani. Nikabonyeza. Mtazamaji anaona karata za pande zote nne, zimefunuliwa zote. Malkia wa shupaza alikuwa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshaamua ni kulia.

Nikacheza kushoto.

Nilisema nitaifunga kesho yake. Kwenye simu yangu ndogo ule mstari wa majina hauonekani, nami nikadhani hauonekani kwa mtu yeyote. Kwa ujinga huo nilikaa miezi mitatu nikitumia jina la ndugu yangu aliyekufa kuchungulia karata za watu. Nilikuwa najua unamlilia, na bado nilikuwa nikiliandika jina lake kila Jumanne saa kumi na kila Alhamisi saa kumi.

Nilitaka kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili yako, ili uifikie mia tatu. Rasimu ya kwanza ya barua hii ilisema hivyo. Nimeichana. Ukweli ni kwamba tangu kaka afariki nilijua unacheza na mimi kwa huruma. Yeye alikuwa mchezaji, mimi nilikuwa mtu wa kujaza kiti. Nilitaka jina langu liwe mahali linapoonekana. Yule mwenzangu wa kliniki aliposema "wa kumi na tisa" nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, presha na yote, kwa furaha.

Kulikuwa na muuza nafaka mmoja, enzi za kazi, aliyebandika kipande cha madini ya risasi chini ya sahani ya mizani. Nilipomkamata alisema aliweka siku moja tu, akasahau kukitoa. Nilimfungia mizani yake, na ofisini tulicheka naye wiki nzima. Siku hizi namkumbuka kila ninaponawa uso.

Kisha ukaja na habari ya kijana. Ningeweza kusema siku ile ile. Nilikaa na kalamu nikaandika kwamba mifumo ina mambo yake. Nikaona njia ya kutoka ni kuacha tu kuchungulia, kimya kimya, nawe usijue. Sikufikiri kwamba Kopa Tisa akikosekana mezani wewe ndiye utakayejihukumu. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko karata zote. Niliogopa aibu yangu mpaka nikaiweka juu ya mabega yako.

Nimeiandikia kamati ya mashindano nikaeleza yote. Mimi wamenifungia miaka miwili. Pointi zote za tangu Novemba wanaziondoa, zangu na zako. Nimewaandikia tena kwamba wewe hukujua lolote. Wamejibu kwa adabu kwamba wanaamini, lakini pointi huingia kwa wawili na hutoka kwa wawili. Utarudi 247. Akaunti ya kaka nimeifunga.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usiamini tena kwamba ulimfukuza mtoto.

Mkaguzi

18 Machi

Shemeji,

Barua yako na ya mwanangu zimefika siku moja. Mtu wa posta alinipa zote mbili kwa pamoja, nikaifungua ya mwanangu kwanza.

Anaandika kwa mistari michache, kama baba yake. Anasema, "Mama, aliyekuwa akikutazama si mimi. Tableti ya baba ilikufa betri mwaka ule ule, iko kabatini. Sijui ni nani. Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Nimekaa nayo muda ndiyo maana nimechelewa. Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, saa tano."

Halafu nikaifungua yako.

Nilikasirika mpaka nikakata mkono wa shati upande usiofaa, kitambaa cha mteja, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanagenzi. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo yangekulaza. Nilikuwa na mengi, tena mazuri. Jina la mume wangu, shemeji. Ungetumia jina lolote. Nimeingia kuangalia na kweli nimeandikwa 247, na pembeni kuna alama nyekundu ndogo ambayo mtu akiibonyeza anasomewa sababu. Binti ameibonyeza. Kisha alienda kuchemsha maji ya chai.

Lakini nimekaa siku nne sasa, na hasira imepungua kiasi cha kuniachia nione na langu. Desemba kulikuwa na fungu moja la uru. Jozi nyingine zote zilizolishika zilimtafuta mfalme upande wa kulia, kwa sababu ndiko kila mwenye akili angemtafuta. Wewe ulicheza ree moja kwa moja, na mfalme akaanguka kutoka kushoto, uru ya pekee mkononi mwa mpinzani yule. Kidole changu kilisimama juu ya kioo. Nilijua. Sikuwa na ushahidi, lakini nilijua kama ninavyoujua mshono uliokwenda kombo kabla sijageuza nguo. Na sikuuliza, kwa sababu jina langu lilikuwa likipanda. Ule utani wangu wa Februari kuhusu malkia ulikuwa mlango niliokufungulia. Hukuupita, nami moyoni nikashukuru. Kamati inaamini kwamba sikujua. Nitaiandikia kuwa zile 41 wameziondoa kwa haki.

Sasa kuna jambo moja limebaki. Mwanangu anauliza ni nani aliyekuwa akitazama. Jibu langu la kwanza lilikuwa kukuficha. Nilishaanza kuandika kwamba mifumo ina mambo yake, nikaona maneno yako yametoka kwenye kalamu yangu, nikaacha. Kisha nikafikiri nimwambie mimi, vizuri, kwa upole, kabla hujaonana naye.

Hilo nalo sitalifanya. Mtoto yule nilimsema mbele za watu kwa kosa ambalo hakulitenda. Wewe umelitenda, na sitakusema kwa mtu yeyote, hata kwake. Wewe ni baba yake mdogo. Utakaa mbele yake umweleze mwenyewe kwamba jina la baba yake ulilitumia wewe, na kwamba barua aliyoipata kutoka kwangu niliiandika kwa sababu ya uongo wako. Kisha mimi nitamwambia kwamba kila neno la barua ile ni la kweli, na yeye ataamua kama ananiamini.

Naogopa, shemeji. Huenda akisikia hayo ataona kwamba bila udanganyifu wako nisingemwandikia kamwe, na huenda atakuwa amesema kweli.

Jumamosi uwe hapa saa nne. Yeye anafika saa tano, na sitaki nikae naye hata dakika moja nikiwa najua jambo ambalo yeye halijui.

Mshonaji